Jiwe la Guro, Kasha la Synneva

"Kwa hiyo mimi nilazwe wapi, wifi? Juu ya paa la kanisa?"

Oddlaug aliuliza hivyo akatua kikombe kwa kishindo, kahawa ikaruka na kuangukia jibini. Nikamwambia juu ya paa pangemfaa sana, maana angeona vizuri nani anatoroka ibadani kabla ya baraka, kazi aliyoifanya maisha yake yote bila mshahara. Akasema afadhali kuwachunguza watu kuliko kuwatungia uongo. Nikasema uongo wangu angalau una ladha. Akanitaka nisihamishe mazungumzo, kwa sababu Sylfest yuko njiani, na safari hii hataondoka jikoni kwangu bila jibu.

Ugomvi wetu ulianza theluji ilipoyeyuka. Uwanja wa makaburi wa kanisa letu la Mulvik umebanwa kati ya mlima na ghuba. Wafu wanazidi kuja na ardhi haizidi. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba makaburi ya zamani yasiyo na mtu wa kuyatunza yafunguliwe kwa ajili ya wengine. Sylfest, anayechimba makaburi na kupiga kengele, akapita na vikaratasi vya manjano, akakifunga kimoja kwa uzi kwenye kila jiwe lisilo na mwenyewe kwenye daftari la kanisa. Ndugu wa marehemu wajitokeze kabla majani hayajapukutika. Wasipojitokeza, jiwe litang'olewa.

Kikaratasi kimoja kilifungwa kwenye jiwe la Guro.

Ni bamba jeusi la mlimani, limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Limeandikwa: Guro, mke wa Anders Nesset, alizaliwa 1815, alikufa 1841. Basi. Kando yake amelala Ragna, mama mkwe wangu, mama yake Oddlaug. Ubavu wa pili wa Ragna ni ukuta wa uwanja, na ng'ambo ya ukuta ni maji. Kwa hiyo anayetaka kulala kando ya Ragna hana pengine pa kwenda ila pale alipo Guro.

Na Oddlaug alipataka. Yeye hakuolewa. Kaka yake, Leidulf, alinioa mimi, tukachukua shamba la Haugen, naye Oddlaug akahamia na mama yao katika nyumba ndogo ya wazee, ng'ambo ya ua. Baba yao hana kaburi. Alifuata samaki akabaki nao. Oddlaug alimtunza mama yake miaka mingi, wakilala chumba kimoja, mpaka asubuhi moja alipompelekea kahawa akamkuta amepoa. Majira ya baridi yaliyopita daktari aliusikiliza moyo wa Oddlaug, akamwambia apunguze kubeba maji na apunguze hasira. Maji aliyapunguza.

Hakuniambia habari za daktari. Nilizisikia kijijini, kisha nikaziona mwenyewe siku alipopumzika mara mbili akivuka ua ambao hata kuku mlemavu huuvuka bila kusimama.

Pamoja na hayo sikumwachia jiwe lile. Guro alikuwa wangu.

Sisi huku binti hapewi jina la mama yake aliye hai. Jina la aliyelala hupewa mtoto ili liinuke tena, litembee, liitwe kula. Ukikuta binti ana jina la mama yake, huulizi: mama alikufa akimzaa. Sasa bibi yangu, mzaa mama, aliitwa Guro. Alizaliwa Nesset, binti wa Anders. Hesabu hiyo aliiweza hata mtu kama mimi, niliyekwenda shule mpaka siku mbuzi walipokosa mchungaji. Guro wa kwenye jiwe alikufa akimzaa bibi yangu Guro, na bila yeye mimi nisingekuwepo kumtesa wifi yangu.

Isitoshe, niliwahi kumwona bibi akiliosha jiwe lile. Yeye aliolewa Kvalstrand, ng'ambo ya ghuba, na huko ndiko nilikozaliwa. Kila mwaka, mkesha wa Yohana Mbatizaji, alinipakia kwenye mashua, akapiga kasia mpaka Mulvik akiwa na ndoo, ufagio mgumu na maua ya porini yaliyofungwa kwenye aproni yake. Aliliosha jiwe taratibu kama unavyomwosha mtoto uso, akipita kwanza kwenye jina. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimuuliza aliyelala pale alikuwa mtu wa namna gani, alinijibu kwamba hajui, ila alikuwa kijana.

Jibu hilo halikunitosha, kwa hiyo mengine nikayaweka mwenyewe. Watoto wangu, na wajukuu baada yao, wote wanajua habari za Guro. Wanajua alivyovuka ghuba wakati wa dhoruba akiwa na ng'ombe ndani ya mashua, na walipofika katikati mkono wake mmoja ukachoka, ng'ombe akapokea kasia. Ndiyo maana ng'ombe wa Nesset wana mabega mapana mpaka leo. Wanajua alivyomfukuza dubu kwa kumsomea kanuni ya imani. Nilimlea Guro kama nilivyowalea wengine nyumbani mwangu, na kusema kweli yeye ndiye aliyenisumbua kidogo kuliko wote.

Basi Oddlaug alipokuja na habari ya kutaka pale, nilimwambia jiwe lina mwenyewe na mwenyewe ni mimi. Akasema anione kwanza mbele ya wazee wa kanisa. Watataka ushahidi, na ushahidi wangu ni upi?

"Wifi, wewe ukisema mvua inanyesha, mimi natoka nje kwanza nikaguse majani. Wewe ndiye uliyemwambia mchungaji kwamba upepo ulimnyonyoa kuku wa mama manyoya yote ukamwacha mtupu, na mama akamfumia sweta."

Nikamwambia sweta ile ilikuwa ya kijivu, yenye vifungo viwili. Akasema, unaona.

Hapo ndipo aliponichoma. Si kwa habari ya kuku. Kuku yule namtetea mpaka kufa. Alinichoma kwa sababu, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na jambo la kweli mkononi na sikuwa na mtu wa kuniamini. Nikajisemea kwamba jiwe huaminiwa hata likiwa limeinama. Nitakwenda Kvalstrand kwenye kaburi la bibi, nitasoma mwaka aliozaliwa, nitaurudisha kwa Oddlaug, na mwaka huo utakuwa 1841, mwaka uleule wa kifo cha Guro. Aguse na hayo majani.

Nilipanda mashua ya posta asubuhi nikiwa na chapati za viazi ndani ya kitambaa. Kvalstrand ninapita mara chache. Wangu wa huko wamekwisha, na nilipoolewa jiwe la bibi lilikuwa halijasimamishwa bado. Nilipowahi kulitembelea nilipeleka maua, nikatazama maua, nikaondoka. Mtu hasomi tarehe za bibi yake. Anajua bibi alikuwa mzee, inatosha.

Safari hii nilipiga magoti. Ukoga ulikuwa umelifunika jiwe kama ngozi ya chura. Nilichomoa pini kwenye nywele nikaanza kukwangua, tarakimu moja baada ya nyingine. Moja. Nane. Nne. Hapo nilikuwa natabasamu peke yangu. Kisha ikatoka ya mwisho, nayo ilikuwa tatu.

Nilikwangua tena. Nilikwangua mpaka pini ikapinda. Ilibaki tatu, nene, iliyochongwa na mtu asiyekuwa na wasiwasi.

Kwanza nilimlaumu mchongaji, nikasema alikuwa amelewa. Kisha nikatazama mawe mengine yaliyochongwa na mkono uleule, yote yalikuwa sawa kabisa. Halafu nikafikiri kwamba pengine Guro alikuwa mbishi kiasi cha kuzaa akiwa na miaka miwili kaburini. Ningeweza kuisimulia hivyo, na watoto wangeipenda. Lakini nilikuwa peke yangu pale, magoti yamelowa, na uongo usio na msikilizaji hauna joto lolote. Guro wa jiwe alikufa 1841. Bibi yangu alizaliwa 1843. Aliyelala Mulvik hakumzaa bibi yangu. Hakumzaa mama yangu. Hakunizaa mimi.

Nilikaa kwenye ukuta nikala chapati zote, hata ile niliyokusudia kumrudishia Oddlaug.

Nilipofika Mulvik sikwenda nyumbani. Nilipanda hadi Nesset. Mwenye nyumba siku hizi ni Aslaug, mama mwenye mikono mikubwa, asiyeuliza mtu amekuja kufanya nini mpaka amemwona amekaa. Nikamwomba Biblia ya zamani ya shamba, ile iliyoandikwa majina ya watu wa Nesset kwenye jalada la ndani. Mimi maandishi ya mkono ya zamani hayanipandi kichwani; yanafanana na nyayo za kunguru kwenye theluji. Aslaug akafuta unga mikononi akanisomea. Kwamba Anders alimwoa Guro. Kwamba Guro alilala katika Bwana pamoja na mtoto wake, mvulana, aliyebatizwa nyumbani na kuzikwa kifuani pake. Kwamba Anders alimwoa Synneva binti Ola, mtumishi wa nyumba ile. Kwamba mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike, jina Guro.

Aslaug aliyasoma hayo kama anayesoma bei ya chumvi. Alipoona sura yangu akashangaa. Kwani kuna ajabu gani, akaniuliza. Mke wa pili akizaa binti wa kwanza, si anampa jina la yule aliyemtangulia? Mama mkwe wake mwenyewe alifanya hivyo, na shangazi yake huko bondeni pia.

Nami nilijua. Hilo ndilo lililonifanya nione haya. Desturi ile naijua tangu sijaota meno ya pili. Mke mpya hulipatia jina la marehemu mahali pa kukaa, ili marehemu asizunguke nyumba akitafuta nafasi yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kumpenda Guro na ng'ombe wake mpiga kasia, nikachukua desturi moja nikaiacha nyingine iliyokaa kando yake.

Nikateremka polepole. Njia nzima jina lile jingine lilikuwa likinigonga, Synneva binti Ola, Synneva binti Ola, kama ndoo inayogonga ukuta wa kisima. Nilijua nimeliona mahali. Nilikuwa nimefika mlangoni kwangu, mkono kwenye kitasa, nilipokumbuka ni wapi. Ilikuwa darini, juu ya kichwa changu mwenyewe.

Kuna kasha darini kwangu. Ni jekundu, limepakwa maua ya rangi ya samawati, na kifuniko kimepinda mgongo kama wa paka. Alinipa mama siku nilipoolewa, naye alipewa na bibi. Mbele yake, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma, pameandikwa: Synneva binti Ola, 1842. Mama hakuwahi kuniambia Synneva ni nani, na pengine hakujua; nami niliamini kasha lilinunuliwa mnadani. Kasha zuri lenye jina la mtu asiyejulikana ni jambo ambalo siwezi kuliacha bila habari. Kwa hiyo watoto wangu nao nikawaambia kwamba Synneva alikuwa mwanamke wa mlimani, wale wasio binadamu, wazuri kwa mbele wenye mkia wa ng'ombe nyuma, na mkia wake umefungiwa mle ndani, na anayefungua bila ruhusa mkia humkamata shingo. Hakuna mtoto aliyewahi kulifungua. Sukari yangu ilikaa salama humo wakati wote wa vita.

Nilipanda ngazi nikakaa sakafuni mbele yake bila kuvua koti.

Nimetumia maisha yangu kumpa ng'ombe na dubu mwanamke asiye wangu, na aliyenizaa nikampa mkia.

Nikajaribu kumtazama Synneva bila kumwongezea kitu, nami si mzoefu wa kazi hiyo. Alikuja Nesset kama mtumishi. Kwa hiyo alikuwamo ndani ya nyumba ile siku Guro alipojifungua. Inawezekana yeye ndiye aliyebeba maji ya moto. Inawezekana yeye ndiye aliyemfunga yule mvulana kitambaani akamlaza mahali alipolazwa. Mwaka uliofuata alipanda kitanda kilekile, kasha lake likiwa na rangi mbichi chini ya dirisha. Akazaa binti. Angeweza kumpa jina la mama yake mwenyewe. Akampa la yule. Na tangu siku hiyo, kutwa nzima, jikoni mwake mwenyewe, aliita jina la mke aliyemtangulia: Guro njoo ule, Guro funga mlango, Guro usimvute paka. Nikafikiri juu ya hilo muda mrefu. Sijui kama lilimuuma. Sijui kama ilikuwa heshima au woga, au kama alimpenda tu bibi yake wa kazi. Ninachokijua ni kwamba binti alikua, akaolewa ng'ambo, na bado alivuka maji kila mwaka na ndoo na ufagio. Mtoto hazaliwi na desturi ya namna hiyo. Kuna aliyemshika mkono mara ya kwanza akamwonyesha jinsi ya kuliosha jina.

Na Synneva mwenyewe hana jiwe. Watumishi walioolewa na wanaume waliofiwa na wake zao walipata msalaba wa mti, na mti huoza. Yumo humo uwanjani mahali fulani, pengine nampita kila Jumapili na viatu vyangu.

Hayo yote nilikuwa nayo moyoni tangu jana yake, Oddlaug alipoketi jikoni kwangu kuniuliza habari za kulazwa juu ya paa. Yeye alijua nimekwenda Kvalstrand. Hakujua nimerudi na nini. Aliendelea kunisema. Akasema mimi nina nafasi yangu imetunzwa kando ya Leidulf, karibu na lango, kwenye jua, na bado namnyima yeye kipande cha kivuli. Akasema mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita hawezi kuchukia akisogezwa. Akasema kama ni jiwe ninalolitaka, nilichukue nikaliweke mbele ya zizi ng'ombe wapangusie kwato.

Angeyasema hayo juma moja kabla, ningemwaga kahawa yake nje. Nikamwachia amalize. Hilo lilimtisha kuliko jibu lolote.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi. Guro si wangu."

Akanitazama, akaitazama kahawa yangu, akanitazama tena. Nikamweleza. Nilimweleza bila ng'ombe wala dubu, kuanzia tarakimu ile ya mwisho hadi kasha, na kwa jinsi nisivyozoea kusimulia hivyo ilikuwa habari fupi sana. Alinisikiliza akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

"Na safari hii unadanganya kwa faida ya nani?" akauliza nilipomaliza.

"Kwa faida yako, wifi. Sina ninachokipata. Sylfest akija nitamwambia jiwe halina mwenyewe, na wewe utapata nafasi yako."

Nilidhani atafurahi, au angalau atakula kitu. Oddlaug alikinyoosha kile kitambaa cha meza alichokuwa akikikunja. Nje mbuzi walikuwa wakisugua pembe kwenye ukuta wa ghala. Alipofungua mdomo hakuuliza nilichotegemea.

"Yule mvulana. Yumo mle mle naye?"

"Kifuani pake. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Juu ya jiwe hawakumwandika."

"Hawakumwandika. Wachanga hawakuwa wakiandikwa."

Akasema Sylfest angechimba pale bila kujua. Nikasema Sylfest hachimbi kama anayechimba viazi, ni mtu wa adabu. Akasema adabu au hapana, mtu hawezi kuangalia asichojua kama kipo. Kisha akasema mama yake, Ragna, alizaa wawili kabla ya Leidulf ambao hawakufikisha juma, na hao hawana jiwe wala msalaba, na wala yeye hajui walilazwa wapi. Mama yake alikuwa akiwataja usiku wa mwisho wa mwaka tu, kwa majina, huku akifunga mlango. Mimi niliishi na Ragna ua mmoja miaka yote ile na sikuwahi kulisikia hilo. Nikamwambia hivyo. Akasema si kila mtu hupenda kusimulia.

Akataka kuliona kasha. Nikamkataza kupanda ngazi, akapanda, akapumzika katikati akijifanya anakagua mbao. Darini aliinama mbele ya yale maua ya samawati akapitisha kidole kwenye herufi, moja moja, kama bibi yangu alivyopitisha ufagio. Akaniuliza ndani mna nini siku hizi. Nikamwambia sufu, na mkia. Akacheka kidogo, akashika kifua, akaacha kucheka.

Tulipokuwa tumerudi mezani nilimmiminia kahawa nyingine, na mara hii aliipokea kwa mikono miwili. Alitazama dirishani, upande wa kanisa, ambako kutoka jikoni kwangu huonekana mnara tu na kipande cha ukuta.

"Unamkumbuka Torkel," akasema.

Nilimkumbuka; nani asiyemkumbuka. Torkel wa pwani, bahili kupita kiasi, alipofiwa na mkewe hakununua jiwe. Aliligeuza la baba mkwe wake, akaandikisha jina la mkewe upande wa nyuma, baba akitazama ghuba na binti akitazama mlima. Oddlaug ndiye aliyemsema kuliko sisi wote. Alisema Torkel angeweza, angemgeuza na mchungaji ili aandike upande wa pili. Nikamkumbusha maneno yake hayo.

"Nilikuwa na moyo mzima wakati ule," akajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitajia moyo wake, naye aliyasema hayo akiwa ananyoosha mkono kuchukua chapati.

Nilimsogezea siagi.

Akala nusu, akapangusa vidole. Akaniuliza kama jiwe la Guro, kwa nyuma, lina maandishi yoyote. Nikamwambia hakuna; nimeliosha mbele na nyuma tangu utotoni, nyuma ni laini kama sahani. Akauliza kama ni pana. Nikasema ni pana vilevile kama mbele, jiwe lingekuwaje jembamba upande mmoja. Akaniambia nisijibu kwa kejeli, anauliza jambo la maana. Mtu akilala kando ya mama yake, akasema, na humo alimolala ana mwenzake, na mwenzake ana mtoto, hiyo si nafasi mbaya. Yeye hakuzoea kulala chumba peke yake, na tangu mama yake afe usingizi haumjii vizuri.

"Na jiwe?" nikauliza.

"Jiwe likae lilipo. Nani kasema ling'olewe?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyesema, tangu theluji ilipoyeyuka mpaka kikombe kilichopita. Akasema nina tabia ya kuongeza chumvi. Kisha akawa kama anapima kitu hewani kwa mikono yake miwili, kwanza upana, halafu urefu, akipunguza kidogo, akiongeza kidogo. Mikono ikasimama.

"Wifi, yule wako wa kasha. Huyo Synneva. Jina lake ni refu?"

"Si refu kuliko lako."

"Basi, nyuma pale, mchongaji akiwa na akili, mimi juu na yeye chini, au yeye juu na mimi chini, maana yeye alitangulia, huoni kama majina mawili yange—"

Mlango ukafunguka bila hodi. Akaingia Sylfest, tope mpaka magotini, kofia mkononi, kikaratasi cha manjano kikichungulia mfukoni mwa koti lake.

"Mama zangu," akasema, "haya, nani kashinda?"